Ngome ya Mkwawa haiko kilimani

Mwalimu mmoja wa historia, mzaliwa wa Kilwa Masoko ambaye sasa anafundisha sekondari Mafinga, ameniandikia hivi: "Nataka kuwapeleka wanafunzi 45 wa kidato cha tatu wakaione ngome ya Mkwawa iliyo juu ya kilima pale Iringa, pamoja na lile jiwe ambalo nimeambiwa lilikuwa kama mnara wake wa taa. Mimi nimekulia karibu na Gereza, ile ngome ya kale ya Kilwa Kisiwani, kwa hiyo nikisikia neno ngome mawazo yangu yanakwenda kwenye kuta, malango na minara. Je, kimebaki nini cha kuona? Tuipange vipi siku moja? Na je, ni sawa kuwaonyesha watoto fuvu la Mkwawa?"

Mwalimu, nimelifurahia swali lako kwa sababu ndani yake mna kosa ambalo karibu kila mgeni wa Iringa huja nalo, na kosa hilo likifunuliwa mahali panapostahili linaweza kuwa ndilo somo kubwa la safari yenu. Ngome ya Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, haikuwa kilimani. Ilikuwa bondeni, Kalenga, umbali wa kilomita 15 hivi magharibi ya mji wa Iringa, kwenye ardhi ya tambarare kando ya Mto Ruaha Mdogo. Jiwe uliloambiwa habari zake ni Gangilonga, nalo liko mahali pengine kabisa, juu ya kilima kinachoutazama mji. Watu huziunganisha sehemu hizi mbili kwa sababu wanajua kwamba Iringa ni mji wa mwinuko, na wanajua kwamba Iringa ni mji wa Mkwawa, kisha wanadhani kwamba ngome yake ilikaa pale pale ambapo mji unakaa leo.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni jina lenyewe. Neno Iringa limetokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Kabla ya Wajerumani kufika, aliyesema anakwenda Iringa alikuwa anakwenda Kalenga, kwa sababu ndiko kulikokuwa na kuta. Ngome ilipoanguka mwaka 1894, na afisa Tom von Prince, ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani, alipojenga kituo kipya cha kijeshi juu ya uwanda mwaka 1896, jina lilihamishwa likapandishwa mlimani. Wajerumani wakawa wanasema Iringa Mpya na Iringa ya Zamani, na polepole ile ya zamani ikabaki na jina la Kalenga peke yake. Kwa hiyo mji mnaouona leo umebeba jina la ngome ambayo haukuwa nayo kamwe. Waeleze wanafunzi wako jambo hili wakiwa bado ndani ya basi, pale mnapoacha barabara kuu Ipogolo na kuanza kupanda kona kuelekea mjini, kwa sababu mwinuko ule wenyewe ndio uliomvutia Mjerumani: aliutaka mlima wenye hewa ya baridi, wenye kuona mbali, na wenye njia ambayo adui hawezi kuipanda bila kuonekana.

Hapo mwanafunzi mwerevu atakuuliza, na ni vizuri aulize, kwa nini Mkwawa mwenyewe hakujenga juu. Jibu langu ni kwamba Kalenga haikuwa kambi ya askari tu. Ilikuwa mji mkuu. Ndani ya kuta walikaa Mtwa na jamaa zake, wake, watumishi na walinzi, na humo ndimo zilimowekwa ghala za pembe za ndovu na baruti. Mji wa namna hiyo unahitaji maji ya kila siku, malisho ya ng'ombe na mashamba ya karibu, na vyote hivyo viko mtoni, haviko juu ya majabali. Pia tazama maadui ambao dola ya Wahehe ilikuwa imewazoea. Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliyefariki mwaka 1879, alipigana na Wasangu wa mtawala Merere, na mapigano na Wangoni yaliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1880. Hao wote walikuja na mikuki, ngao na magobori. Mbele ya jeshi la namna hiyo, ukuta wa mawe na udongo uliosimama juu ya tambarare, wenye watu wa kutosha nyuma yake, ulikuwa kinga ya kweli. Sioni sababu ya kuwaambia watoto kwamba Mkwawa alikosea mahali pa kujenga. Alijenga kwa vita alivyovijua.

Vita asivyovijua vilimfikia mwaka 1891. Tarehe 17 Agosti mwaka huo, msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika koloni lote, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, ulikuwa unapita Lugalo, mashariki ya Iringa, ukiwa na askari zaidi ya 300, maofisa wa Kizungu na wapagazi na wanyama wao, wote wamejipanga mstari mmoja mrefu katika njia nyembamba yenye vichaka na mawe. Wahehe walikuwa wamelala mafichoni. Walipoinuka, askari hawakupata nafasi ya kujipanga, na muda mfupi baadaye Zelewski na sehemu kubwa ya msafara wake walikuwa wamekufa. Wahehe nao walipoteza watu wengi, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka mno. Kambi ya jeshi ya Lugalo iliyoko Dar es Salaam imechukua jina lake hapo, na wanafunzi wengi wanaolijua jina la kambi hawajui kwamba Lugalo ni kijiji cha Iringa, na kwamba mnara wa kumbukumbu ya maofisa wa Kijerumani waliouawa ungali kule mpaka leo, kando ya barabara ya kuelekea Morogoro.

Nimeitaja Lugalo kwa makusudi, ingawa hamtafika huko. Nataka wanafunzi wako walinganishe vita vitatu vya mtu mmoja. Pale Lugalo Mkwawa alishinda bila ukuta, kwa kuijua ardhi. Kalenga alikuwa na ukuta, na Wajerumani waliporudi wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele, walikuja na mizinga. Mwishoni mwa Oktoba 1894 waliipiga ngome, na tarehe 30 wakaivamia na kuitwaa, baada ya kupigana nyumba kwa nyumba ndani ya kuta. Mkwawa aliponyoka. Kisha vikafuata vita vya tatu, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vikubwa kuliko vyote: kwa karibu miaka minne, kuanzia 1894 mpaka Julai 1898, mtu huyo asiye na ngome, asiye na mji, na ambaye kichwa chake kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000, alipigana na kujificha katika vilima na mapori ya Uhehe huku watu wake wakimlisha na kumpa habari. Wajerumani walimweka ndugu yake, Mpangile, awe mtawala badala yake, kisha mwaka 1897 wakamnyonga wakimshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Ngome ilimlinda Mkwawa kwa saa chache. Vilima vilimlinda kwa miaka minne. Hiyo ndiyo sababu nasema kwamba anayekuja Iringa kutafuta kuta anatafuta kitu kidogo kuliko kilichopo.

Sasa, kimebaki nini? Wewe umezoea Kilwa, ambako mawe ya matumbawe yalishikamanishwa kwa chokaa, na hata pale ambapo bahari imekula msingi, ukuta wa Gereza bado unasimama kama ukuta, una lango na mtu anapita chini yake. Kalenga hakuna kitu cha namna hiyo. Kuta zilikuwa za mawe na udongo, na baada ya kutekwa zilibomolewa, kisha mvua zaidi ya mia moja za masika zikapita juu yake, watu wakalima, wakajenga nyumba zao, wakachukua mawe yaliyowafaa. Kilichobaki ni vipande vya msingi na matuta ambayo macho yasiyoelekezwa huyaona kuwa kingo za shamba. Mara ya kwanza nilipopelekwa na mzee mmoja wa pale, alisimama mahali ambapo mimi niliona majani tu, akachuchumaa, akaanza kuyapangua kwa fimbo yake taratibu, na chini ya majani pakatokea mstari wa mawe yaliyokaa bega kwa bega, udongo mwekundu umeganda katikati yake mgumu kama tofali, mizizi ya nyasi imepenya ndani ya ufa. Mzee aliweka kiganja chake juu ya jiwe mojawapo, akaniambia niweke changu. Jiwe lilikuwa bado na baridi ya asubuhi. Tangu siku hiyo sijawahi kuwapeleka wanafunzi Kalenga bila kuomba mwenyeji atuongoze mpaka kwenye msingi, na ninakusihi nawe usiishie ndani ya jengo la makumbusho.

Hiyo ni tofauti ambayo wewe, kwa kuwa ni mtu wa Kilwa, unaweza kuifundisha vizuri kuliko sisi tuliozaliwa huku. Waambie wanafunzi kwamba kudumu kwa jengo hakupimi ukubwa wa dola iliyolijenga. Chokaa hudumu, udongo hurudi kuwa udongo, na dola ya Wahehe ilikuwa na nguvu ya kumshinda kamanda wa jeshi la Ulaya hali kuta zake ni za udongo.

Nije kwenye jiwe. Gangilonga ni jabali kubwa lililo juu ya kilima upande wa kaskazini mashariki ya mji, na mtu mwenye miguu mizuri huliendea kwa kutembea kutoka katikati ya mji. Wenyeji husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akipanda hapo kukaa peke yake, kutafakari na kutazama nchi, na kwamba ni hapo alipopata habari ya kuja kwa Wajerumani. Kulifananisha na mnara wa taa ni jambo linaloeleweka kwa mtu wa pwani, kwa sababu mnara wa taa ni mahali pa juu panapotoa onyo, na Gangilonga ni mahali pa juu panaposimuliwa kuwa palitoa onyo. Hata hivyo ningekuomba usiwafundishe watoto kwamba moto uliwashwa pale, maana masimulizi hayasemi hivyo, na jina lenyewe linakataa. Katika Kihehe, ganga ni jiwe na kulonga ni kusema. Gangilonga ni jiwe linalosema. Mnara wa taa, kama ule uliojengwa mwaka 1904 kwenye kisiwa cha Chumbe, karibu na Zanzibar, unazungumza na macho ya nahodha asiyemjua mtu yeyote wa nchi kavu. Jiwe la Mkwawa linazungumza na sikio la mtu mmoja aliyepanda kulisikiliza. Taa humwambia mgeni mahali mwamba ulipo ili asiugonge. Gangilonga, kwa mujibu wa masimulizi, lilimwambia mwenye nchi kwamba mgeni anakuja. Mimi naona tofauti hiyo ni nzuri kuliko mfanano, na wanafunzi wa kidato cha tatu wana umri wa kutosha kuijadili.

Ukipenda kuwaonyesha kwa nini jiwe husema, wapandishe asubuhi na mapema, wakati upepo unapopanda kutoka bondeni. Waombe wanyamaze kwa dakika tano tu. Watasikia muungurumo wa malori yanayopanda kutoka Ipogolo, adhana au kengele kutoka mjini, jogoo wa nyumba za chini, mtu anayepasua kuni, kila sauti imekuja imetengana na mwenzake kana kwamba inatokea hatua kumi kutoka hapo. Mtu aliyekaa hapo zamani, kabla ya magari, alisikia nchi kabla ya kuiona. Siahidi kwamba watoto 45 watanyamaza dakika tano, ila hata wakinyamaza mbili inatosha.

Kuhusu mpango wa siku, kosa ninaloliona mara nyingi ni walimu kuanzia makumbusho. Niliwahi kulifanya mwenyewe nikiwa na kundi la shule moja: tulifika Kalenga saa tano, watoto wakaingia chumbani wakiwa na uchovu wa barabara, wakasoma maandishi ya ukutani wasiyoyajali, wakatoka wakauliza chakula kiko wapi. Hawakuwa na kosa. Nilikuwa nimewaonyesha majibu kabla hawajawa na swali. Tangu hapo ninaanza na kilima, kisha bonde, kisha mji, na ndiyo njia ninayokushauri uifuate.

Kutoka Mafinga mpaka Iringa ni takriban kilomita 80. Mkiondoka saa 12 asubuhi mtakuwa Ipogolo kabla ya saa 2, na saa 2 na nusu wanafunzi wanaweza kuwa juu ya Gangilonga. Wagawe katika makundi, kila kundi na mwalimu wake, kwa maana jabali lina kingo zisizo na uzio na wavulana wa umri huo hupenda kusimama pembeni ili wapigwe picha. Mkienda Juni au Julai wavae masweta, kwani baridi ya Iringa ya asubuhi haina mzaha na upepo wa juu ya jiwe huongeza. Kati ya Desemba na Aprili mvua hufanya jabali kuteleza, na katika miezi hiyo mimi sipandishi watoto. Kabla hamjashuka, waambie watazame upande wa magharibi, upande uliko Kalenga, na uwaachie swali moja waende nalo: kama wewe ungekuwa na mzinga mmoja na adui yako yuko ndani ya ukuta bondeni, mzinga ungeuweka wapi?

Kutoka hapo nendeni moja kwa moja Kalenga kwa barabara inayokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Andika barua mapema kwa ofisi ya makumbusho ya pale, ukitaja idadi ya wanafunzi na kuomba mwongozaji, na ada mlipe kwa stakabadhi. Mkifika, wafundishe watoto kusema kamwene, ambayo ni salamu ya Wahehe, kwa kila mtu mzima watakayekutana naye. Hakuna gharama yoyote na mlango hufunguka. Kisha, kabla ya kuingia ndani, wapeleke kwenye msingi wa ukuta, wasimame humo ndani ya ngome, wageuke walitazame lile swali kutoka upande wa pili. Wataviona vilima vinavyoizunguka Kalenga. Masimulizi ya pale yanasema kwamba mizinga ya Wajerumani ilipigwa kutoka kwenye vilima hivyo, na mara nyingi hutajwa Tosamaganga, ambako leo kuna misheni ya Wakatoliki na ambako jina lake husimuliwa kuwa linahusu kurusha mawe. Mwanafunzi aliyesimama pale akiwa ameangalia juu hahitaji tena kuelezwa kwa nini ukuta haukutosha.

Ndani ya makumbusho, ambayo ni madogo, mtaona mikuki, ngao, marungu na bunduki, na nje yake yapo makaburi ya watawala wa ukoo wa Mkwawa waliofuata, pamoja na kaburi la afisa wa Kijerumani aliyeuawa katika uvamizi wa 1894. Mshindi na mshindwa wamezikwa karibu kiasi hicho. Waache watoto wakae na jambo hilo bila wewe kulifafanua.

Na hapo ndipo lilipo fuvu, swali lako la mwisho, ambalo ninalijibu kwa uangalifu kuliko yote. Ndiyo, waonyeshe, ila wasiingie kabla hawajasikia habari yake. Tarehe 19 Julai 1898, alipokuwa amezingirwa karibu na Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa kilikatwa, kikapelekwa kambini na baadaye Ujerumani, na mwili ukabaki ukazikwa bila kichwa. Kitu kilichotendwa kwa marehemu huyo kiliwauma watu kiasi kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza jambo hilo liliingizwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919: kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, na kifungu hicho hicho ndicho kilichoitaka irudishe msahafu wa Khalifa Uthman. Fikiria, Mwalimu, mkataba uliochora upya ramani ya Ulaya una mstari unaohusu mtu wa Kalenga. Wanafunzi wako wanausoma mkataba huo darasani kwa ajili ya mtihani. Wengi hawajaambiwa kwamba ndani yake tumo.

Hata hivyo muda uliowekwa na mkataba ulipita, na miaka mingi ikapita. Katika miaka ya 1950 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilitafuta mwenyewe, akafika kwenye jumba la makumbusho la Bremen ambako kulikuwa na mafuvu mengi yaliyoletwa kutoka makoloni, na likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa za Mkwawa na kwa kuangalia tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi hapo Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Wapo wanahistoria wenye shaka kama fuvu lililochaguliwa ni lenyewe, na mimi ningekushauri usiwafiche wanafunzi shaka hiyo. Waeleze jinsi lilivyochaguliwa na uwaache wapime ushahidi, ndiyo kazi ya somo lenu. Lakini waeleze pia kwamba kwa Wahehe lililopokelewa siku ile lilipokelewa kama mzee aliyerudi nyumbani, na kwamba anayeingia chumba kile anaingia msibani, haingii maonyeshoni.

Kwa hiyo waingie kumi kumi. Kofia zitoke kichwani. Simu zibaki mifukoni, isipokuwa mwongozaji akiruhusu, na hata akiruhusu asiwepo wa kujipiga picha akicheka mbele ya kioo. Nakumbuka msichana mmoja aliyekuwa mzungumzaji sana ndani ya basi, akasimama mbele ya kile kioo kimya, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na mama yake alijua?" Sikuwa na la kumjibu, na mwongozaji naye alinyamaza, na nadhani kunyamaza kwetu kulikuwa ndilo jibu la heshima. Kama unaye mwanafunzi aliyefiwa karibuni, mwambie mapema kitakachoonekana ndani, naye achague mwenyewe kuingia au kubaki nje na mwalimu mwingine.

Baada ya chakula cha mchana rudini mjini, mpite makumbusho ya Boma, yaliyofunguliwa mwaka 2016 ndani ya jengo la enzi za Wajerumani. Nusu saa au dakika 40 zinatosha. Kinachonifanya nipaweke mwisho ni kwamba hapo wanafunzi watakuwa wamesimama kwenye Iringa ya pili, ile iliyochukua jina, na wataitambua kwa macho yaliyotoka kwenye ile ya kwanza. Mtaa wa Kitanzini uko karibu; waulize jina hilo limetoka wapi, na kama hakuna anayejua waambie kwamba hapo ndipo Wajerumani walipokuwa wakinyonga watu.

Kuna vishawishi viwili ambavyo naomba uvikatae. Cha kwanza ni Isimila, ambayo mtaipita njiani mkitoka Mafinga, na ambayo ni hazina ya zana za mawe za watu wa kale. Ina habari yake kubwa na inastahili siku yake, ukiichomeka asubuhi mtafika Kalenga jua limewachosha. Cha pili ni Mlambalasi, liliko kaburi la mwili wa Mtwa, takriban kilomita 50 kutoka mjini kwa barabara ile ile ya Ruaha. Hapo moyo wangu unagawanyika, maana hakuna mahali panapoeleza vita vya miaka minne vizuri kama majabali yale. Lakini kwa watoto 45, basi moja na siku moja, kurudi Mafinga kungekuwa usiku mkubwa. Kama shule itakubali mlale Iringa usiku mmoja, Mlambalasi iwe ya asubuhi ya siku ya pili, na Boma mliache kabisa bila majuto.

Jambo dogo la mwisho linahusu muda wa Kalenga. Usiupange kwa dakika. Mara nyingi mzee wa mahali atakuja, atasimama pembeni akiwasikiliza, na baada ya kitambo ataanza kusimulia alivyosimuliwa na babu yake, pengine tofauti na ulivyofundisha darasani. Usimkatize ili umsahihishe tarehe. Wape wanafunzi daftari, waandike kama alivyosema, na tarehe mtazilinganisha mkirudi Mafinga.